Munganga Aliyejua Njia ya Maumivu

Munganga hakupata kumwambia mgonjwa hata mmoja kwamba haitauma. Wauguzi wengine niliofanya nao kazi walikuwa na maneno hayo mdomoni kila saa, wakiyatoa huku sindano imefichwa nyuma ya mgongo. Yeye alikaa kwanza. Alivuta kigoda mpaka magoti yake yakaribie ya mgonjwa, akamwonyesha sindano au kisu, kisha akamwuliza, "Itauma. Unapenda nikuambie mbele ya kugusa, ao niguse tu bila kusema?"

Wanawake wengi walitaka kuambiwa. Askari wengi walisema yote sawa, naye hakukubali jibu hilo. Aliwataka wachague, na alikuwa tayari kungoja huku damu ikidondoka sakafuni. Mimi nilikuwa nasimama pembeni na pamba mkononi nikimlaani kimoyomoyo kwa kupoteza muda. Ilinichukua miezi kuelewa kwamba swali lile lilikuwa sehemu ya tiba, na kwamba siku nyingi ndiyo tiba pekee tuliyobaki nayo.

Hakuwa daktari. Alikuwa muuguzi wa zamani, lakini watu wa Baraka, mji wetu wa kando ya ziwa, humwita munganga yeyote anayevaa koti jeupe na kujua anachofanya, na yeye alijua. Jina lake ninalo, na watoto wake wako hai, kwa hiyo nitamwita kama tulivyomwita sote. Kabla ya vita alitufundisha kwenye shule ya uuguzi somo la neva na ubongo. Vita vilipokuja nilifanya naye kazi kwenye kituo cha afya cha vyumba viwili, kijijini, kwenye barabara ipandayo kwenda Fizi. Tulikimbilia huko siku mji ulipobaki mtupu.

Somo lake ninalolikumbuka kuliko yote aliliingiza darasani ndani ya gunia. Lilikuwa kichwa cha mbuzi alichokinunua sokoni asubuhi ileile. Alitandika gunia juu ya meza, akakipasua kwa shoka mapigo matatu, akautoa ubongo mzima na kuugeuza chali. Wasichana tulijifunika pua. Akatuonyesha kipande cheupe chini yake, chembamba kuliko kidole gumba, kinachounganisha ubongo na uti wa mgongo.

"Hii njo shina la ubongo," alisema. "Bantu banaizarau ju iko kadogo," yaani watu wanaidharau kwa sababu ni ndogo.

Kisha akaniita mbele. Nilidhani atanipa nishike kile kipande. Badala yake alinikanyaga kidole cha mguu kwa kisigino cha kiatu chake, nami nikapiga kelele darasa zima likacheka.

"Habari ya kidole chake imepanda," aliwaambia wenzangu, bila hata kuniangalia. "Imeingia kwenye uti wa mgongo, imefika kwa ubongo, amelia. Hiyo njia kila muntu anaijua. Lakini iko njia ingine, ile yenye kushuka."

Akachoma kijiti cha kiberiti katikati ya lile shina, na kingine chini yake kidogo. Alisema kwamba chembe za neva za hapa juu zinapokezana na chembe za hapa chini, na hizi za chini zinateremsha nyuzi zake mpaka kwenye uti wa mgongo, mahali hasa maumivu yanapoingilia. Ziko chembe zinazoamuru mlango ufungwe, ziko zinazoamuru ufunguliwe. Zile za kufunga zikipata nguvu, mwili unatoa dawa yake wenyewe, ndugu ya morfini, na habari ya kidole inafika juu ikiwa imepungua, au haifiki kabisa.

Mmoja wetu aliuliza nani anazipa amri chembe hizo.

"Woga," alijibu. "Matumaini. Kazi yenye uko nafanya. Sauti ya mama yako. Bintu mingi. Munganga muzuri anajua kwamba hata yeye ni kimoja."

Jioni mkewe alipika supu ya kichwa kile, na kesho yake Munganga alitulalamikia darasani kwamba chumvi ilikuwa nyingi. Mimi nilikuwa bado nachechemea.

Ungedhani mtu wa namna hiyo alikuwa mvumilivu mwenyewe. Alikuwa mwoga kupita watoto. Siku moja, tukiwa bado Baraka, funza alimwingia chini ya ukucha wa mguu, na mkewe alipokuja na pini kumtoa, tulisikia ukelele wa Munganga mpaka kwenye chumba cha wazazi. Wagonjwa waliinuka vitandani kuchungulia. Mkewe alimshika mguu kwa nguvu akimwambia, "Baba, zile chembe zako za kufunga ziko wapi leo?" Naye akajibu, machozi yakimtoka, "Zimekuona na pini, zimekimbia."

Hasira yake nayo ilikuwa karibu. Mkunga mmoja alimpiga kofi la paja mama aliyekuwa anajifungua, ili anyamaze asukume. Zamani wengi walifanya hivyo na hakuna aliyeona ajabu. Munganga alimtoa mkunga yule nje mbele ya jamaa zote za mzazi na kumtupia beseni, likampita sikioni. "Umemuongezea!" alipaza sauti. "Alikuwa na uchungu moja, sasa iko nazo mbili, na ya pili imefungulia ya kwanza mulango!" Kisha akarudi ndani na kuanza kunong'ona na mzazi kama kwamba hakuna kilichotokea. Yule mkunga hakurudi kazini wiki nzima. Munganga hakumwomba radhi, ila alimtumia unga.

Kule juu kijijini tulianza na dawa za miezi mitatu, tukazimaliza kwa wiki tano. Watu walikuwa wanatoka kila upande. Wengine walitoka Baraka, wengine walivuka kwa mitumbwi kutoka rasi ya Ubwari, wengine waliteremka kutoka milimani upande wa Minembwe wakiwa wamelala porini siku nyingi. Mlio wa bunduki tuliuzoea kiasi cha kujua kama uko karibu au mbali. Kilichotutisha zaidi ni magari na nyayo za watu wengi, kwa sababu kituo chetu kilikuwa kando kabisa ya barabara na kila kundi lililopita lilipitia kwetu.

Mchana mmoja aliteremka mwanamume akitembea kwa miguu yake, bila fimbo. Aliomba maji ya kunywa. Alitania kwamba barabara yetu ina mashimo mengi kuliko kwao. Tulipotazama chini tuliona kiatu chake kimetoboka na damu imeganda. Risasi ilikuwa imepita katikati ya mguu tangu alfajiri, naye ametembea juu yake mpaka saa nane. Munganga alikuwa anainama kumtazama wakati mke wa yule bwana, aliyemtangulia kufika kwa siku mbili, alipotokea mlangoni na kuita jina lake.

Mwanamume yule alianguka palepale. Kelele alizopiga sijawahi kuzisikia tena. Watu watano hatukuweza kumshika.

Wapiganaji wawili waliokuwa wamekaa kivulini walisema wazi kwamba alikuwa amepewa dawa ya vita, ile ya kienyeji ya kuzuia risasi isiume, na dawa hiyo imeharibika kwa kuonana na mwanamke. Mke alisikia. Alirudi nyuma mpaka ukutani, mikono kichwani, akirudia, "Mi njo nimemuletea. Mi njo nimemuletea."

Munganga aliacha mguu ule ukiwa haujafungwa, akaenda kwake. "Mama, nisikilize. Bunduki ilimupiga asubuhi. Shina lake la ubongo lilifunga uchungu, akimbie, asife kwa njia. Amekuona, amejua amefika. Sasa imefunguka. Hukumuletea uchungu. Umemuletea kufika."

Mpiganaji mmoja alisimama. Alikuwa na bunduki begani na hirizi shingoni. "Munganga, unasema dawa yetu ni ya uongo?"

 Watu walikwisha kupigwa kwa maneno madogo kuliko hayo.

"Hapana," Munganga alijibu, akiwa bado ameshika mkono wa yule mama. "Dawa muko nayo. Mi nasema tu iko fasi gani, mahali gani ya mwili."

Akajigusa nyuma ya shingo. Mpiganaji naye akajigusa shingo yake, kisha akaketi. Munganga aliporudi kwa mgonjwa uzi ulimpita tundu la sindano mara mbili. Alinipa uzi nitie kwenye sindano mimi.

Siku ninayotaka kuisimulia zaidi ilianza asubuhi ya jua kali. Tulikuwa na kichupa kimoja cha dawa ya ganzi, kiasi cha kumtosha mtu mmoja. Mtu huyo alikwisha kuchaguliwa tangu jana yake. Alikuwa muuza samaki kutoka Ubwari, mjane wa miaka kama arobaini. Siku ya kukimbia, watu walipogombea mtumbwi, vidole vyake viwili vilibanwa kati ya ubao na jiwe. Sasa vilikuwa vimeoza. Visipokatwa, mkono wote ungekwenda. Munganga alikwisha kukaa naye goti kwa goti, amemwonyesha kisu, na yeye amechagua kuambiwa. Tulimlaza chumba cha nyuma, nyuma ya pazia.

Nilikuwa nachemsha vyombo waliposimama mlangoni. Walikuwa wanne, wamebeba mwenzao juu ya blanketi, na wa tano mbele yao, mrefu, amevaa koti la mvua ingawa jua lilikuwa linachoma. Wenzake walimwita Kamanda. Aliyebebwa alikuwa mdogo wake, mwanamume wa miaka thelathini hivi. Kipande cha chuma kilikuwa kimezama kwenye paja, na nyama yote kukizunguka ilikuwa imevimba.

"Munatoa hiyo chuma sasa hivi," alisema Kamanda. "Na munamupa dawa ya ganzi. Nimeambiwa muko nayo."

"Iko ya muntu moja," alisema Munganga. "Na huyo muntu iko ndani, anangoja."

"Nani?"

"Mama moja. Muuza samaki."

Kamanda hakupandisha sauti. Alishusha bunduki begani, akailaza juu ya meza yetu ya dawa, mdomo wake ukielekea kwa Munganga. "Ndugu yangu hajalia tangu tumebaki yatima. Hapa kwako akilia, nitajua umemunyima dawa. Unajua kitakachofuata."

Nyuma ya pazia hapakuwa na sauti hata ya kupumua. Muuza samaki alikuwa anasikia yote.

Munganga alitazama paja la mgonjwa. Akatazama pazia. Kisha akaniambia bila kugeuka, "Mama Riziki, leta ile ya boksi ya chini."

Boksi la juu ndilo lililokuwa na kichupa cha ganzi. Kwenye boksi la chini mlikuwa na vichupa vidogo vya kioo vya maji safi, yale tuliyochanganyia penisilini zamani tulipokuwa na penisilini. Hapakuwa na kitu kingine humo. Nilidhani nimesikia vibaya.

"Ya chini, Munganga?"

"Ya chini."

Nilitembea hatua nne mpaka kabatini. Nikachukua kichupa. Niliporudi Kamanda alinyoosha mkono akakichukua kabla Munganga hajakipokea. Alikiinua kwenye mwanga wa dirisha. Kilikuwa na maandishi madogo ya buluu, ya Kifaransa. Alikizungusha polepole kati ya vidole. Mdogo wake, kutoka kwenye blanketi, alikuwa anakifuata kwa macho kama mtu mwenye kiu.

"Hii njo yenyewe?" mdogo aliuliza.

"Njo yenyewe," alisema Munganga.

Ndiyo mara yangu ya kwanza kumsikia akimdanganya mgonjwa.

Kamanda alimrudishia kichupa. "Haya."

Munganga akavuta kigoda. Magoti yake yaligusa blanketi. Alizungumza kwa sauti ya darasani, ya upole na uhakika. "Nitaingiza pande nne. Utasikia baridi, kisha uzito. Ukisikia uzito unaniambia. Sitakata mbele hujaniambia." Akachoma sindano, akaingiza maji, akangoja. Alimwuliza wanatoka kijiji gani, kama mihogo kule imeshachimbwa. Mimi nilikuwa nahesabu pumzi zangu.

"Imekuwa nzito," alisema yule mgonjwa.

"Nzito kabisa?"

"Nzito. Mi siisikii vizuri."

Munganga akakata. Niliona kisu kinazama nikabana meno yangu kwa niaba yake. Jasho lilimtoka mgonjwa usoni, mkono wake ulishika ukingo wa blanketi, akavuta hewa kwa pua. Akasema, "Nasikia unavuta. Inauma kidogo, lakini inavumilika." Kipande cha chuma kilipoanguka kwenye sahani kilipiga kelele kubwa kuliko yoyote iliyotoka kinywani mwake. Munganga akamshona nyuzi sita. Hakulia.

Walipokuwa wanamwandaa kuondoka nilitoka nje kuosha vyombo. Kamanda alinifuata mpaka kwenye beseni. Alisimama karibu sana.

"Mama," alisema, "mbele ya vita mi nilikuwa nafundisha primere. Darasa la tatu. Kusoma na kuandika."

Niliendelea kusugua koleo.

"Kwa kichupa bameandika *eau*. *Eau* njo mayi."

Koleo ilinidondoka majini. Sikujua kama nikimbie au nipige magoti. Nilijisikia nikiuliza, kama mjinga, "Juu ya nini haukusema?"

Aligeuka akatazama mlango. "Uliona macho yake vile alikuwa anaiangalia? Kama mi nasema ni mayi, ingekuwa mayi." Alivaa bunduki yake begani. "Siku bakinileta mimi, usinipe ile. Mi ninajua kusoma."

Wakaondoka kuelekea milimani.

Ningependa kusema kwamba baada ya hapo mambo yalikwenda sawa, kwamba muuza samaki, aliyelindiwa dawa yake kwa hatari ile yote, hakusikia kitu. Alisikia. Dawa ilikuwa ya kweli, tulimpa yote hadi tone la mwisho, na alilia mpaka sauti ikakauka. Nyama yenye usaha inakataa ganzi, hilo tulilijua. Lakini Munganga alisema pia kwamba saa nzima mama yule alikuwa amelala nyuma ya pazia akisikiliza bunduki ikiwekwa mezani, akingoja kusikia tunatoa dawa yake kwa mwingine, na kwamba kila chembe ya kufungua iliyomo shinani mwake ilikuwa macho.

Kidole cha kwanza kilipotoka Munganga alisimamisha kazi. Aliinamisha uso wake karibu na wa yule mama. "Mama, niambie. Samaki mikebuka munaikausha namna gani kule Ubwari?"

"Niache, Munganga!"

"Munaipasua kwa mugongo ao kwa tumbo?"

"Kwa... kwa mugongo," alisema, akitweta. "Kwa tumbo inaoza."

"Chumvi mbele ao moshi mbele?"

"Chumvi! Nani anaanza na moshi?" Alikuwa amekasirika kweli, na katikati ya hasira ile kidole cha pili kilitoka. Alilia, lakini si kama mara ya kwanza. Kisha akalala kifua kikipanda na kushuka, akasema kwa sauti ndogo, "Mulinitunzia dawa. Nilisikia."

Jioni ile nilimwambia Munganga maneno ya Kamanda. Alikuwa anakunja koti lake. Aliketi chini, sakafuni, na koti magotini.

"Alisoma," alisema.

"Alisoma."

"Na akanyamaza."

 Mimi nilikuwa na furaha ya mtu aliyepona kifo, nikataka tucheke kidogo. Yeye hakucheka. Alisema yule mgonjwa alikuwa na dawa yake mwenyewe ndani ya mwili tangu mwanzo, na kwamba yeye Munganga amemfikisha kwenye dawa hiyo kwa kupitia uongo. Nilimwuliza angefanya nini kingine.

"Sijui. Njo ile inanikasirisha."

 Alitaka kuwafuata milimani akamwambie mgonjwa ukweli. Mkewe alificha viatu vyake. Baadaye mapigano yalisogea, kundi lile halikupita tena kwetu, nasi tukatawanyika. Mimi na watoto tulivuka ziwa, tukaishi ukimbizini Tanzania miaka kadhaa. Yeye nilisikia amevuka pia, kambi nyingine. Hatukuonana.

Niliporudi Baraka nilipewa kazi kwenye chumba cha wazazi hospitalini. Siku moja binti yake mkubwa alinikuta kazini akaniambia, "Mama, baba amerudi. Anakutaka. Lakini usimkumbatie."

Nilimkuta amekaa kwenye ukingo wa kitanda bila shati, amekonda, shuka imesukumwa mbali. Alikuwa amepata kambini ule ugonjwa wa malengelenge ambao kule ng'ambo wanauita mkanda wa jeshi. Ulimshika kiunoni ukazunguka mpaka mgongoni. Malengelenge yalikuwa yamekauka zamani.

"Angalia ngozi," aliniambia. "Iko safi?"

"Iko safi, Munganga."

"Hakuna kidonda?"

"Hakuna."

"Na inawaka moto, Mama Riziki. Mwaka muzima. Shati ikinigusa ni kama makaa. Zile chembe za kufungua zimebaki zinafungua, na hakuna tena anayegonga mulango."

"Ulitufundisha hivyo," nilisema. "Kwamba njia ileile inaweza kuongeza."

"Nilifundisha. Sikuamini. Unamukumbuka yule muchimbaji wa Misisi?"

Nilimkumbuka, na uso ukaniwaka. Alikuja kwetu kipindi kile cha vita. Shimo la dhahabu lilikuwa limemwangukia, mkono wake wa kulia ukakatwa juu ya kiwiko, na kovu likapona vizuri kabisa. Alikuja kuomba dawa ya maumivu ya vidole vya mkono ule ambao hakuwa nao. Munganga alidhani anataka vidonge akaviuze. Alimtolea sauti mbele ya foleni nzima, "Mukono hauko! Kitu chenye hakiko haiwezi kuuma! Enda!" Watu walicheka. Mimi pia nilicheka. Yule bwana aliondoka akiwa amekikumbatia kifuani kipande cha mkono kilichobaki.

"Binti yangu ameulizia," alisema Munganga. "Iko mzima. Anauza petroli Fizi. Unipeleke."

Nilimwambia hawezi. Kila shimo la barabara ile lingekuwa kisu kwake, na wiki ile kulikuwa na habari mbaya za njiani, watu wametekwa. Alijibu kwamba habari mbaya za njiani alianza kuzisikia kabla mimi sijazaa, tusubiri zipi ziishe?

Tulikodi pikipiki mbili. Alikaa bila shati, kitambaa chepesi tu mabegani, na mashimo yalipoanza nilimsikia nyuma yangu akiguna. Hakuomba tusimame. Kwenye kizuizi cha kwanza askari alitushusha, akatutazama vyeti, akamtazama mzee aliyetetemeka kifua wazi.

"Munaenda Fizi kufanya nini?"

"Kuomba musamaha," alisema Munganga.

Askari alidhani anatukanwa. Alimsogelea, na mkono wake ukaenda kwenye mkanda wa bunduki. "Unasema nini, mzee?"

"Kuna muntu nilimukosea. Nikingoja sana nitakufa na hiyo kosa."

Askari yule alitazama tena vyeti vyetu. Nilimwona akifikiri jambo lake mwenyewe, halafu akaturudishia vyeti na kuinua mti uliozuia njia. Hakudai kitu.

Mchimbaji alikuwa kando ya barabara pikipiki zinapogeukia kwenda Misisi, amekaa nyuma ya chupa za petroli zilizopangwa juu ya ubao. Nywele zilikuwa zimeanza kuwa nyeupe. Alimtambua Munganga mara moja, na niliona taya lake likikaza.

"Karibu," alisema, kwa baridi. "Unataka lita ngapi?"

Munganga alishuka kwa shida. Hapakuwa na kigoda. Akapiga goti kwenye vumbi, mbele ya ubao ule, watu wa pikipiki wakitazama.

"Siku ile nilikuambia hakuna kitu," alisema. "Kitu kiko. Nilikuwa najua, na nikakufukuza. Unisamehe."

Nami nikasema, "Na mimi nilikucheka, baba. Unisamehe."

 Pikipiki moja ilisimama ikitaka petroli, mchimbaji akaifukuza kwa kichwa. Alimtazama Munganga alivyokuwa akitweta, jasho kifuani, kitambaa kimemdondoka. Kisha akafungua kamba iliyofunga mkono wa shati lake la kulia, akauinua mkono ule mfupi na kuunyoosha mbele.

"Bado unauma," alisema. "Kila siku, Munganga. Bibi yangu mwenyewe, mama ya watoto wangu, anasema ni wazimu."

"Fasi gani?"

"Kidole hiki cha mwisho. Kimejikunja, kinaingia kwa kiganja. Hakitaki kufunguka."

Munganga alinyoosha mkono kwenye hewa tupu, mbali kidogo na lile kovu, akavifungua vidole vyake polepole kama mtu anayeogopa kuumiza.

"Hapa?"

"Hapana," alisema mchimbaji. "Chini kidogo."

Munganga akashusha mkono.